Kabla ya kuchanga pesa za demareri, uliza motere ilizimika namna gani

Ninyi familia mlio bado njiani ama mliokwisha kufika makwenu, leo sitazungumzia vita wala bei ya maharagi. Nitazungumzia kamio.

Tangu kambi za Bulengo, Lushagala na zingine zilizozunguka Goma zilipovunjwa mwezi wa pili mwaka 2025, kamio za zamani ndizo zimebeba watu na vitu vyao upande wa Sake, Masisi na Kitshanga. Mwenye pesa na mzigo mdogo anapanda pikipiki. Mama mwenye watoto watano, magodoro mawili, sufuria na gunia la mbegu hana njia nyingine: anakaa juu ya mizigo ndani ya Fuso, anashika kamba, anaomba Mungu. Nyingi kati ya kamio hizo zimefika kwetu zikiwa zimekwisha kufanya kazi miaka mingi kwingine. Zinazimika. Na zinapozimika, anayelipa si mwenye kamio peke yake.

Katika safari nilizofanya kwa kazi hii ya kuwaletea habari, nimekaa kando ya barabara mara nyingi nikingoja kamio itengenezwe. Mara chache sana motere yenyewe ndiyo ilikuwa imekufa. Mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili: umeme haufiki pale unapotakiwa, ama mazutu haifiki. Yote mawili mtu anaweza kuyaona kwa lampi ndogo, chupa tupu ya maji na uvumilivu wa saa moja. Lakini watu hawatazami. Wanafungua, wananunua, wanafunga, na ugonjwa unabaki palepale.

Nitawaeleza safari moja, kwa sababu ndani yake umeme na mazutu vilichanganyika mpaka kila mtu akadanganyika.

Fuso hiyo ilitoka Goma asubuhi mapema. Juu tulikuwa watu karibu 30, wengi wao familia zinazorudi. Baada ya Sake barabara inaanza kupanda, na mnajua ile milima: kona juu ya kona, mawe, na matope mvua ikinyesha. Kwenye mlima wa pili motere ilianza kupoteza nguvu. Shofere alishusha vitesi mpaka ya kwanza. Motere ikawa inakohoa, sauti inapanda na kushuka, kisha ikazimika. Konvoyeri akaruka chini, akatia mawe nyuma ya matairi.

Shofere alizungusha ufunguo. Mara ya kwanza motere ilizunguka vizuri, ikashika kidogo, ikazimika tena. Akarudia. Akarudia mara kumi, mara ishirini, na kila mara ilizunguka polepole kuliko mara iliyotangulia. Mwishowe tulisikia tu "ta!" chini ya kabini, halafu kimya.

Hapo neno likaenea: demareri imekufa. Shofere akampigia simu mwenye kamio. Jibu likawa kwamba iko demareri ya okazyo Goma, dola 150, lakini yeye ana dola 60 tu. Zingine abiria wachange kama wanataka kufika. Konvoyeri akashika daftari, akaanza kuzunguka: kila mtu mzima franka 10 000. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye homa mgongoni alifungua fundo la kitenge chake. Ndani mlikuwa na franka 15 000. Ndizo pesa alizokuwa nazo za kuanza maisha upya. Akatoa 10 000.

Kati yetu alikuwamo mzee mmoja aliyekaa juu ya magunia tangu Goma bila kusema neno. Kabla ya kukimbia alikuwa fundi wa magari Kitshanga, na katika kambi alikuwa akitengeneza pikipiki na radio. Mfuko wake wa vyombo alikuwa ameukalia. Aliniomba nisitaje jina lake, kwa hiyo nitamwita Mzee, kama tulivyomwita sote siku ile. Alipoona daftari linakaribia, akashuka.

"Papa shofere," akasema, "mbele ya kuchanga, uniambie: motere ilizimika namna gani? Ilikatika gafla, ama ilichoka kwanza?"

"Ilichoka, Mzee. Ilikohoa, kisha ikakufa."

"Basi demareri haina kosa. Muliichokesha tu, yeye na batri zake. Motere hii haiyakufa. Iko na njaa."

Swali hilo ni dogo, lakini ndilo lililookoa pesa za watu siku ile, na ndilo ninalotaka mlikumbuke. Motere ya mazutu haina buji kama ile ya esansi. Inabana hewa mpaka hewa inakuwa moto sana, na mazutu ikinyunyizwa ndani inawaka yenyewe. Kamio ya zamani inahitaji umeme mwingi kwa kuanza tu, ili demareri izungushe motere. Ikiisha kuwaka, pompi kubwa ya mazutu inaendeshwa na meno ya motere. Batri iliyochoka haiwezi kuizima katikati ya mlima. Katika kamio nyingi kuna kifaa kidogo cha umeme kando ya pompi hiyo, kinachofungua ama kufunga njia ya mazutu unapozungusha ufunguo. Waya yake ikikatika, motere inaweza kuzimika, lakini inazimika gafla, kama mtu amezima taa. Ikichoka kwanza na kukohoa, unaanza kutafuta upande wa mazutu.

Kwa hiyo kamio yetu ilikuwa na magonjwa mawili. La kwanza lilikuwa la mazutu, na ndilo lililoizima. La pili lilikuwa la umeme, na lilitokea kwa sababu ya kuzungusha ufunguo mara ishirini bila kuuliza. Ugonjwa wa pili ndio uliokuwa unapiga kelele, kwa hiyo kila mtu alitazama huko.

Mzee alianza na umeme hata hivyo, kwa sababu motere isiyozunguka haiwezi kuwaka. Alimwambia konvoyeri awashe taa za mbele, kisha shofere azungushe ufunguo. Taa zilififia karibu kuzimika. Alinieleza maana yake huku nikimshikia vyombo. Taa zikififia sana, demareri inaomba umeme na umeme hautoshi: batri zimechoka, ama njia imeziba. Taa zikibaki na mwanga wote na unasikia "ta!" tu, umeme upo lakini hauingii ndani ya demareri, na hapo unaweza kuishuku yenyewe: yale makaa yake ya ndani, ama vile vibati vinavyogusana. Usiposikia hata "ta!", unatafuta waya ndogo inayotoka kwenye ufunguo, ama fizibli. Dakika moja, na hakuna kilichofunguliwa.

Kisha alitoa kipimo chake cha umeme. Fuso hiyo, kama kamio nyingi kubwa, inatumia volti 24, yaani batri mbili za 12 zilizofungwa moja nyuma ya nyingine. Batri ya 12 iliyojaa na kupumzika inapaswa kuonyesha 12,6 ama zaidi kidogo. Ya kwanza ilionyesha 12,2. Ya pili 11,1. Mzee akacheka kidogo, akafuata waya nyembamba iliyotoka kwenye hiyo ya pili. Ilikwenda kabini, kwenye radio na kwenye kibao cha kuchajia simu za abiria.

"Munaona? Munakamulia ngombe moja tu," akasema.

Jambo hilo liko katika kamio nyingi. Radio na simu zinataka volti 12, basi mtu anachukua umeme kwenye batri moja tu kati ya mbili. Alternatere inazijaza zote mbili kwa pamoja, na haiwezi kujua kwamba moja imenyonywa zaidi. Ile inayonyonywa haishibi kamwe, na mwenzake anashibishwa kupita kiasi mpaka maji yake yanakauka. Baada ya miezi michache zote mbili zimekufa, na mwenye kamio anasema batri za siku hizi hazina nguvu. Dawa ni kifaa kidogo kinachoshusha 24 kuwa 12, kinachofungwa kwenye batri zote mbili. Bei yake haifiki bei ya batri moja.

Halafu ikaja masi. Mafundi wetu wanaita masi ile njia ya kurudi: waya nene inayotoka kwenye upande wa kutoa wa batri kwenda kwenye chuma cha gari, na nyingine inayounganisha chuma hicho na motere. Umeme ukienda lazima urudi, na unarudi hapo. Lakini hapo ndipo matope, kutu na rangi vinakaa. Mzee aliweka ncha moja ya kipimo kwenye batri upande wa kutoa, nyingine kwenye chuma kisafi cha motere, akaomba ufunguo uzungushwe kidogo. Kipimo kilionyesha 3. Kinapaswa kubaki karibu na sufuri. Kwa kamio ya volti 24, ikipita 1 tu, kuna mahali njia imeziba. Tulifungua ile waya, tukaikwaruza kwa kisu na papye emeri mpaka chuma kikang'aa, tukaifunga kwa nguvu. Vishikio vya batri vilikuwa na unga mweupe na wa kijani, vilisafishwa pia. Kabla ya kugusa chochote alitoa kwanza waya ya upande wa kutoa, na aliirudisha ya mwisho. Ufunguo wa chuma ukigusa upande wa kujumlisha na chuma cha gari kwa pamoja, cheche inaruka, na batri inaweza kupasuka usoni mwako.

Shofere akataka kujaribu tena palepale. Mzee akamkataza. "Batri zipumuzike. Hatuzungushe tena mupaka mazutu ifike."

Upande wa mazutu alifuata njia yake kuanzia tanki, kama mtu anayefuata mtaro wa maji kutafuta pale ulipoziba. Tanki, tiyo, pompi ndogo ya kuvuta, filtre, pompi kubwa, vijitiyo vya chuma, mpaka zile enjektere zinazonyunyiza ndani ya motere. Kwanza alifungua kifuniko cha tanki akitega sikio. Kama tanki ingevuta hewa kwa sauti, tungejua kwamba kitundu cha kuingizia hewa kimeziba. Hakikuziba. Nimeona hilo upande wa Minova: shofere alikuwa amepoteza kifuniko, akafunga mdomo wa tanki kwa sashe ya plastiki na mpira wa tairi, kikamilifu. Kamio ilikuwa inatembea nusu saa, inazimika, inapumzika, inawaka tena. Watu walikuwa wanasema ina pepo. Ilikuwa inavuta mazutu kutoka katika chupa iliyofungwa, na hewa ya kuchukua nafasi ya mazutu haikuwa na pa kuingilia.

Kisha Mzee alifungua visi ya chini ya filtre, akakingia chupa ya plastiki inayoonyesha ndani. Akanipa niishike. "Usitikise. Ngoja." Tulingoja dakika kumi. Mazutu ilipanda juu. Chini yakakaa maji, vidole viwili. Katikati kulikuwa na kitu cheusi kama kamasi, na chini kabisa matope.

Sisemi kwamba kila muuza mazutu wa kando ya barabara, wale tunaowaita Kadhafi, ni mwizi. Wengi wanatafuta chakula cha watoto kama sisi. Lakini bidoni iliyobeba maji asubuhi inabeba mazutu jioni, na kuna wanaoongeza maji ama petroli ya taa kwa makusudi. Hata bila mwizi, tanki inayolala nusu tupu katika baridi ya milimani inatoa jasho ndani, na jasho hilo linashuka chini kuwa maji. Maji hayawaki, na yanakwaruza vyuma vya pompi kubwa, ambavyo vinalainishwa na mazutu yenyewe. Petroli ya taa nayo ni nyepesi mno kwa kazi hiyo. Pompi ikikwaruzika ndani, hapo sasa ndipo mtu analia pesa nyingi kweli. Shofere anayemwaga maji ya filtre kila asubuhi kabla ya kuwasha analinda kitu cha bei kuliko vyote katika motere yake, na inamchukua dakika tatu.

Ndani ya tanki, mdomo wa tiyo una kichungio kidogo. Mzee aliazima pompi ya kutilia tairi upepo, akapuliza kutoka upande wa motere kurudi tanki. Hewa haikupita, kisha ikapita kwa kishindo, na vipovu vikachemka ndani. Kichungio kilikuwa kimezibwa na nyuzi za kitambaa, kile ambacho konvoyeri alikuwa anakitumia kuchuja mazutu. Njia ikiziba hivyo, pompi ndogo inavuta kwa nguvu zaidi, na inayovutwa kwa nguvu inapata mahali pengine pa kunywa. Tiyo ya mpira ilikuwa imepasuka chini ya mahali ilipofungwa kwa ukanda wa mpira, na hewa ilikuwa inaingia hapo.

Hili linawadanganya hata mafundi. Wanasema: hakuna mazutu inayodondoka, kwa hiyo hakuna tundu. Lakini sehemu hiyo inavuta, haisukumi. Motere ikizunguka, haidondoshi nje. Inameza hewa ndani. Unaona unyevu kidogo tu gari ikiwa imesimama. Na mazutu yenye hewa ndani haibaniki vizuri, kwa hiyo enjektere hazifunguki. Motere inakohoa, inapanda na kushuka, inazimika. Ni ile sauti tuliyoisikia mlimani.

Mzee alikata kipande kibaya cha tiyo, urefu wa vidole vinne, akairudisha na kuifunga kwa kolye ya chuma kutoka katika mfuko wake. Filtre mpya, msicheke, ilikuwa nyuma ya kiti cha shofere ndani ya karatasi yake, inangoja siku ya kubadilishwa. Ilibadilishwa siku hiyo. Kisha wakatoa hewa. Unalegeza visi ya juu ya filtre, unapampu kwa mkono ile pompi ndogo. Povu linatoka, unaendelea mpaka itoke mazutu safi bila povu, unafunga huku ukiendelea kupampu. Unafanya vilevile kwenye pompi kubwa. Mwisho unalegeza kidogo nati za vijitiyo vya chuma kule juu kwenye enjektere, na ufunguo unazungushwa sekunde kumi tu, unapumzika, unarudia, mpaka mazutu ichomoze, ndipo unafunga.

Hapo kwenye enjektere aliwafukuza watoto wote. Mazutu inayotoka pale motere ikizunguka ina nguvu ya kupenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo, kumbe sumu iko ndani ya mkono. Mtu akipigwa hivyo aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama haumwi sana, kwa sababu akingoja anaweza kupoteza mkono.

Shofere alipozungusha mara ya kwanza, Mzee hakuitazama motere. Alitazama bomba la moshi. "Hakuna moshi, hakuna mazutu." Mara ya pili ukatoka moshi mweupe kidogo. "Sasa imefika." Mara ya tatu motere ikashika, ikatetemeka, ikatulia. Kipimo kwenye batri kikapanda mpaka 27 na zaidi, kumaanisha alternatere inajaza. Ilikuwa saa kumi alasiri.

Demareri ile ya dola 150 haikununuliwa. Wazee wawili na mama mmoja walimwomba konvoyeri daftari, majina yakasomwa, na pesa zikarudi mkononi mwa kila mtu. Mama mwenye mtoto alifunga tena 15 000 zake katika kitenge. Mzee alipewa kitu na shofere, na nafasi ya mbele kabini.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza mafundi wa Sake na Goma, na nimekusanya mambo machache ambayo abiria naye anaweza kuyajua.

La kwanza ni moshi, kwa sababu hauhitaji chombo. Moshi mweusi mwingi: mazutu ni nyingi kuliko hewa. Tazama filtre ya hewa, ambayo kwa vumbi letu inaziba upesi. Milimani hewa ni nyepesi, na Goma tu tayari iko karibu mita 1 500 juu, kwa hiyo weusi kidogo katika kupanda si ajabu. Moshi mweupe unaoendelea hata motere ikiwa moto: mazutu haiungui vizuri, ama maji yanaingia. Moshi wa bluu: inaungua mafuta ya motere, na motere imechoka kweli.

La pili ni fizibli, kile kijiti kinachokubali kuungua ili waya isiungue. Ikikatika, kuna sababu. Kuiweka ya nguvu zaidi, ama kuifunga kwa kipande cha waya ama karatasi ya sigara, hakuondoi sababu. Kunahamisha moto kwenye waya za kabini. Nimeona kamio ambayo waya zake ziliyeyuka usiku kwa sababu hiyo, taa zikazimika zote katika kona, watu wakiwa juu. Hakuna aliyekufa, lakini hakuna aliyelala usiku ule.

La tatu ni kuteremka na motere imezimwa ili kuokoa mazutu. Breki za kamio nyingi zinatumia hewa ambayo motere ndiyo inaitengeneza. Motere ikizimwa, unakanyaga mara chache na hewa imekwisha. Kamio yenye mzigo, katika mteremko wa kurudi Sake, bila breki: nadhani sihitaji kumalizia. Hivyohivyo kusukuma kamio ili iwake. Kwenye tambarare, sawa. Kwenye mteremko, watu wasisimame mbele wala nyuma yake.

La nne ni watoto wanaoagizwa kunyonya mazutu kwa mdomo kutoka katika bidoni. Ikiingia katika mapafu inaweza kuua. Tafuteni tiyo ndefu na pompi ya mkono. Mtoto akiisha kumeza, msimlazimishe kutapika. Mpelekeni kwenye kituo cha afya.

Na la mwisho ni la pesa. Najua abiria si mwenye gari, na najua mtu aliyekwama njiani jioni na watoto hana nguvu ya kubishana. Lakini mkiombwa kuchanga, mna haki ya kuuliza, kwa heshima na mkiwa wengi: Papa shofere, ilizimika gafla ama ilichoka? Taa zinafifia ukizungusha ufunguo? Moshi unatoka? Mmemwaga maji ya filtre, tuonyeshe chupa? Shofere mwema hatakasirika, maana naye anataka kufika. Na kama kati yenu kuna mtu anayejua kazi hii, asikae kimya juu ya magunia kwa sababu tu nguo zake ni za kambini. Katika kambi zile walikuwamo mafundi wa magari, maseremala, waashi, wauguzi. Vita viliwanyang'anya nyumba na karakana, lakini havikuwanyang'anya kazi ya mikono yao.

Kabla ya kupanda, basi, tazameni mambo matatu: kifuniko cha tanki kipo, kamio inawaka kwa kuzungusha ufunguo mara moja bila kusukumwa, na shofere ana filtre ya akiba na vyombo. Kama hana, na kuna kamio nyingine inayotoka kesho, ngojeni kesho. Siku moja ya kungoja Goma ina gharama, lakini ni ndogo kuliko usiku mmoja pale mlimani.